Mpokea Wageni wa Kituo Kikuu

Zéphyrin aliendesha mabasi tangu ujana wake mpaka siku kiharusi kilipompiga. Kule Bukavu alibeba abiria na magunia yao. Vita vilipowafukuza, yeye na binti yake Marlène wakakimbilia Kampala, akapata kazi ya kuendesha basi la shule moja ya watu binafsi. Kazi hiyo aliifanya hadi asubuhi aliposhindwa kufunga vifungo vya shati, akataka kumwita binti yake, na mdomo ukatoa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Alilazwa, akatibiwa vizuri, akarudi nyumbani Nsambya akitembelea fimbo. Mguu ulipata nafuu. Mkono wa kushoto ulibaki mlegevu, na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyekunywa.

Mama aliyemfanyisha mazoezi alimsisitizia asiache vidole vikae bure. Marlène alikuwa na duka dogo la vitenge Kabalagala, na kompyuta ya zamani aliyoitumia kuwatumia wateja picha za nguo. Siku moja akamwekea humo mchezo wa kuendesha mabasi uitwao Barabara Ndefu.

"Papa, vidole vinataka kazi. Endesha."

Mzee alicheka. Basi la kwanza alilitumbukiza mtaroni, la pili akaligonga kwenye kibanda cha muuza ndizi, na abiria wa ndani ya mchezo wakamzomea. Lakini kesho yake alikuwa tena dirishani na kompyuta mapajani, mkono wa kushoto akiuweka juu ya vitufe na kuusaidia kwa ule wa kulia.

Mchezo huo ndio uliompeleka Kituo Kikuu, tovuti iliyoanzishwa na mashabiki wa Barabara Ndefu waliokuwa hapohapo Kampala. Hakuna aliyelipwa. Waliingia watu wa Uganda, Kenya, Kongo na Tanzania, kila mmoja na Kiswahili chake, wakapeana mabasi waliyoyabuni wenyewe na kuyapaka rangi za kwao, wakabishana juu ya breki na kona. Zéphyrin hakuvutwa na mabasi peke yake. Pale watu walizungumza kwa vidole. Hakuna aliyemtegea sikio na kukunja uso. Sentensi angeweza kuihangaikia muda wote aliotaka, na ikitoka, inatoka imenyooka. Jina lake humo lilikuwa Zefe.

Halafu likatoka tangazo: Kituo Kikuu kinatafuta watu wa kujitolea. Aliyeliandika ni Vera Nasike, msimamizi wa tovuti, Mkenya wa Bungoma aliyefanya kazi mjini Kampala, katika kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani. Kazi zenyewe zilikuwa kuwapokea wageni, kujibu maswali yaleyale kila siku bila kukasirika, na kujaribu kila basi jipya kabla halijawekwa kwa watu wote. "Malipo hakuna," aliandika Vera. "Na shukrani nazo huwa hazifiki mapema."

Zéphyrin akaomba. Vera akamuuliza kwa maandishi kwa nini anaitaka kazi hiyo.

"Nina muda," alijibu, "na napenda watu wafike salama."

"Basi karibu, kijana."

Mzee alilitazama lile neno kijana, akatabasamu, hakulisahihisha.

Tangu hapo akawa na kazi. Alikuja mtu wa Kasese ambaye basi lake lilikataa kurudi nyuma. Alikuja mwingine aliyeandika kwa herufi kubwa tupu, amekasirika hata kabla ya kujibiwa. Zéphyrin aliwapokea wote. Kwanza alimuuliza mtu anatokea wapi na amefikaje, kisha ndipo akashughulikia shida yake. Ochola, fundi wa tovuti, ambaye mchana alitengeneza simu mjini, alimtania kila siku katika chumba cha wahudumu mle tovutini: "Zefe, utafute mchumba sasa, usituzeekee humu." Marlène alipofunga duka na kurudi, baba yake alimsimulia polepole: leo tulipata mtu wa Arua, leo tulipata dada wa Kisumu. Marlène alimsikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, na kimoyomoyo akimshukuru Mungu.

Kosa lilianza kwa huruma. Mwanamke mmoja wa Lira, Acen, alituma basi alilolipaka rangi za basi ambalo marehemu baba yake aliliendesha. Jumamosi ile familia ingekuwa na misa ya kumkumbuka, naye alitaka ndugu zake walione basi hilo siku hiyo. Umeme Nsambya ulikuwa ukienda na kurudi, na kulijaribu basi kungechukua muda. Zéphyrin aliisoma barua ya Acen, akaiona akilini sura ya huyo dereva mwenzake asiyemfahamu, akaliweka basi kwa watu wote bila kulijaribu.

Kesho yake malalamiko yakamiminika. Kila aliyelipakua basi lile alifungua mchezo akakuta safari zake zote zimefutika. Watu walikuwa wamejenga njia na vituo kwa miezi, na sasa skrini ilikuwa tupu. Zéphyrin akaandika katika chumba cha wahudumu: "Kosa ni langu. Sikulijaribu."

Vera alikuwa kazini, wakubwa wake wakimwita upande huu, na wanachama wakimtukana upande ule. Aliona kuandikiana kutachelewesha mambo. Akaitafuta namba ambayo Zefe aliiacha siku ya kujiunga, akapiga.

Mzee hakuwa na mazoea ya kupokea simu ila ya Marlène. Hii akaipokea.

"Zefe? Ni Vera hapa. Niambie haraka, shida ni faili gani? Kuna nyingine uliiweka pamoja nayo?"

Zéphyrin alijua jibu. Akalitaka jina la Acen, likaja nusu. Akaanza upya, ulimi ukamteleza. Kadiri Vera alivyomharakisha, ndivyo maneno yalivyozidi kugongana kinywani.

Vera akamkatiza.

"Zefe, umelewa?"

"Ha... hapa..."

"Mchana huu? Watu wamepoteza kazi yao yote, na wewe umelewa. Sawa. Tutaongea ukiwa mzima."

Akakata.

Zéphyrin alikaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazimika. Kisha akafungua kompyuta, akaandika, "Naomba mniondoe kwenye wahudumu. Asanteni kwa yote," akaifunga. Jioni Marlène alimkuta hajala, amegeukia ukutani. Alimbembeleza sana mpaka mzee akaeleza, kipande kwa kipande. Marlène akapandwa na hasira.

"Huyo mama ni nani wa kukutukana hivyo?"

"Ha... kujua," alisema baba yake. "Mimi ndiye... nilimficha."

Marlène akachukua ile simu, akatoka nayo uani. Mzee alisikia upande mmoja tu.

"Mimi ni Marlène, binti ya Zefe. Ndiyo, binti... Hapana, dada, hajalewa. Hata pombe hanywi. Papa yangu alipigwa na kiharusi." Kisha Marlène akawa anasikiliza, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliporudi ndani aliketi kitandani kando ya miguu ya baba yake.

"Dada yule analia."

"Umemwambia... nini?"

"Ukweli tu, Papa. Anaomba kuja Jumapili, kama utamkubali."

Zéphyrin aliwaza kidogo. "Aje," akasema. "Na ale."

Jumapili ilipofika mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Vera alikuja ametoka kanisani, mwanamke mfupi mwenye miwani, na mfuko wa machungwa mkononi. Nyuma yake alikuwapo Ochola, mrefu, akiinama ili kichwa kisigonge mlango. Vera aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, asiuachie.

"Mzee, nilikuongelesha vibaya. Sikuuliza, nikahukumu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Yameisha," alisema Zéphyrin. "Kaa, mama."

"Na miezi yote hii nakuita kijana. Mbona ulininyamazia?"

"Nili... penda."

Marlène ndiye aliyeanza kucheka, wote wakamfuata. Ochola alijifunika uso kwa kiganja. "Nami nikamhimiza mzee wa watu atafute mchumba. Mama yangu akisikia, ataniita nyumbani nikajibu."

Wakala bugali, sombe na samaki. Walipokwisha kunawa, Ochola akaeleza alilolivumbua: mchezo huweka nakala ya safari za mtu mahali pengine, na zinaweza kurudishwa. Acen naye alikuwa ameomba radhi kwa wanachama wote na kutuma basi lililorekebishwa. Kilichobaki ni kumwandikia kila aliyeathirika na kumwongoza hatua kwa hatua.

"Ochola akiwaandikia watagombana kabla ya hatua ya pili," alisema Vera.

"Ni kweli," alisema Ochola.

"Kazi hii ni yako, mzee. Lakini kama umechoka nasi, tutakuelewa. Sikuja kukulazimisha. Ila sikiliza kwanza." Akatoa simu yake, akamsomea. Tangu ajiondoe, watu walikuwa wakiuliza Zefe yuko wapi. Yule wa Kasese alikuwa ameandika: "Aliniuliza natokea wapi na nimefikaje. Tangu nije mjini hakuna mtu aliyeniuliza hivyo." Dada wa Kisumu aliandika kwamba yeye haji tena kwa ajili ya mabasi, huja kusalimia.

Vera akaiweka simu chini. "Ile wiki uliyoomba kazi, nilikuwa nimeshaandika na tangazo jingine, la kuifunga tovuti, kama asingejitokeza mtu. Nilikuwa nimechoka na matusi. Ulipoanza kuwapokea watu, nao wakaanza kusemezana vizuri. Tangazo hilo nikalifuta. Sijakushukuru hata siku moja, na leo ndipo nakushukuru."

Zéphyrin alitafuta fimbo yake, akasimama. Marlène alitaka kumshika, akamwashiria amwache.

"Aksanti," alisema. Akapumua. "Nilikuwa... nimeshushwa njiani. Mabasi yakapita... yote. Nyinyi mkasimama. Mkani... pakia." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Aksanti sana."

Ochola akawa anaangalia dirishani, na Vera akavua miwani.

Juma lile mzee aliwaandikia watu mmoja mmoja. Wachache walimjibu kwa ukali, akawavumilia, na karibu wote wakazipata safari zao. Basi la Acen alilijaribu mchana kutwa, milimani na kwenye mvua, mpaka Marlène akamuuliza kama analifikisha Lira kweli. Akapendekeza kwamba tangu sasa kila basi likaguliwe na watu wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuguswa moyo, na wote wakakubali. Chini ya jina lake akaandika: "Mzee Zefe, mpokea wageni. Simu napokea, ila uwe na subira."

Vera alikuwa nayo. Akawa anampigia Jumamosi, mwanzoni kwa mambo ya tovuti, baadaye kwa mengine. Ulimi wa mzee haukurudi ulivyokuwa, lakini ulipata mazoezi, na yule mama wa mazoezi akasema anaona tofauti.

Jumamosi moja mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko kawaida. Zéphyrin alisikiliza zaidi ya alivyosema. Alipoweka simu, Marlène alimuuliza kuna nini.

"Mama yake... kule Bungoma. Anaumwa. Vera anaogopa." Akanyoosha mkono wake mzima kwa binti yake. "Njoo, tumuombee."

Marlène akakiteremsha chungu jikoni, akaja akakaa karibu naye, na mzee akaanza sala, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe.