Siku ya Shukrani Uwanjani

Presha ni ugonjwa wa wazee, ndivyo tulivyodhani sote hapa mtaani, mpaka nesi wa shule alipompima Ruoqing mara mbili kisha akamwita mama yake. Mtoto wa miaka kumi! Mimi ni shangazi yake, nauza mikate ya mvuke nyuma ya shule, na wateja walinitania eti nimemlisha mtoto chumvi mpaka damu ikachemka. Niliwajibu vizuri tu, hawakurudia.

Shule ikaja na mpango wake. Masomo yakiisha, watoto wenye presha waruke kamba uwanjani, kisha mmoja mmoja aingie kwa Mwalimu Qiao, mshauri, wakae kwenye mito na kutoa ya moyoni. Kamba niliielewa. Hiyo ya kumwambia mgeni mambo ya nyumbani ilinikaa kooni, nikasema wazi. Wifi yangu Fengxia, mama yake Ruoqing, alisema mradi ni bure na aende. Kaka yangu hakuulizwa. Yuko kusini kwenye ujenzi, tunamwona mwaka mpya tu.

Haki ya Mungu, mtoto alibadilika. Alikuwa akija kibandani kwangu anaruka kamba njia nzima, jasho linamtoka, anacheka. Akaanza kulala usiku. Nesi akasema presha inashuka, tukiendelea hivi hatahitaji dawa. Nilimuuliza anaongea nini na huyo Mwalimu Qiao. Akasema hawezi kuniambia, maana mwalimu ameahidi kwamba linalosemwa mle chumbani halivuki mlango. Niliona wivu kidogo, lakini nikamwacha. Mtoto alikuwa amepata mtu.

Ikafika Siku ya Shukrani. Kila mwaka shule inakodi msemaji, watoto wanapangwa uwanjani na wazazi wao, unapigwa muziki wa huzuni, na msemaji anawasimulia mateso ya mama zao mpaka uwanja mzima unalia. Asiyelia anaonekana hana shukrani. Mwaka huu walikuja pia wakubwa wa idara ya elimu, kuutazama ule mpango wa presha.

Msemaji alipaza sauti kwenye kipaza sauti akasema hapa kuna binti mgonjwa wa presha, na ugonjwa wake umetoka moyoni. Eti binti huyo alimsikia mama yake akimwambia mtu kwenye simu kwamba kama si huyu mtoto, angeshaondoka zamani kwenye nyumba ile. Tangu hapo binti halali, anasikiliza kama mlango wa nje utafunguliwa.

Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Watu wote waligeuka kumtazama Fengxia. Mimi nilimtazama Mwalimu Qiao, na yeye alikuwa anafuta machozi, ameridhika, kama mpishi anayeona chakula chake kinaliwa.

Wakamwita Ruoqing jukwaani na mama yake. Wakamwambia apige magoti, aombe msamaha kwa kumdhania mama vibaya, amshukuru kwa kumzaa. Akapiga magoti. Akasema yote, neno kwa neno, kwa sauti inayosikika. Fengxia akamkumbatia, wakubwa wakapiga makofi, picha zikapigwa. Nilitaka kupanda nimshushe, mama mmoja akanivuta nguo akaniambia nisiharibu.

Nyumbani Fengxia hakumpiga. Afadhali angempiga. Alivua viatu, akaosha mikono, akamwambia taratibu, "Kumbe ulisikia. Basi vizuri, umenipunguzia kazi ya kukwambia."

Nilimtukana wifi yangu matusi ambayo sitayarudia hapa, nikamchukua mtoto kwangu. Hakunizuia. Nesi alipompima tena, presha ilikuwa juu kuliko mwanzo, na sasa anameza vidonge. Kamba anaruka akiambiwa, anaacha akiambiwa. Hacheki. Nikimuuliza nini kinamuuma anasema hakuna, Shangazi.

Juzi Mwalimu Qiao alikuja kibandani. Hakuja kununua. Alisema wakubwa walipendezwa mno, wanarudi na wageni wa mkoa, na Ruoqing ndiye anayegusa watu. Angependa arudi chumbani wazungumze zaidi, kwa faida yake mwenyewe. Nilishika koleo la moto. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ameuza siri ya mtoto kwa makofi, na kwamba akikanyaga tena hapa nitamtia alama ya kudumu usoni.

Ruoqing alikuwa kwenye benchi, anakula. Aliweka mkate chini, akafuta mdomo, akasimama wima kama alivyofundishwa.

"Mwalimu," akasema, "safari hii unataka niseme nini?"

Mwalimu Qiao akashusha pumzi, akavuta kiti karibu naye, akaanza kumweleza.