Jicho la Koplo Lachelewa Siku Mbili

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye zahanati ya kambi, muuguzi aliinua kalamu ya bluu mbele ya pua ya koplo wa mizinga, akamwambia aifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Jicho la kulia lilifuata vizuri. La kushoto lilikuwa linatazama mpira wa Jumapili.

"Nani anaongoza?" muuguzi aliuliza huku akiandika.

"Sisi, moja bila. Lakini watasawazisha. Nilikuwepo."

Wanaoshinda kutwa kando ya mizinga hutikisika ubongo, wapende wasipende, na macho yao huchelewa kidogo. Jicho hili lilihitaji kupimwa kwa kalenda. Muuguzi akaandika: miezi mitatu nyumbani, mbali na milio. Ilibaki sahihi ya daktari wa kikosi.

Bwenini wenzake walisikitika kidogo, maana kofia ya mtu ikipotea, koplo ndiye anayeona ilipotupwa juzi. Mkewe, alipopigiwa simu, alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Alishachoka kuwa na mume wa siku mbili kwa mwezi.

Alhamisi saa tatu daktari alimkalisha koplo kitini. Kabla hajatoa kalamu mfukoni, jicho la kushoto likaenda kushoto, kulia, juu, chini, safi kabisa.

"Linafuata," daktari akasema.

"Afande, linafuata kalamu yangu ya juzi!"

"Fomu inauliza kama linafuata. Haiulizi lini. Na kulenga shabaha si tunafumba moja?"

Akagonga muhuri, koplo akarudi kwenye mizinga siku hiyo hiyo.

Mwezi ulipoisha alikwenda nyumbani Jumamosi, jicho likiwa limechelewa siku nne. Mkewe alimkagua usoni.

"Hilo la kushoto linaona nini, mume wangu?"

"Mzinga. Wa Jumanne."

"Na mimi litaniona lini?"

"Jumatano."

Roho ilimuuma mkewe, asikufiche mtu. Kisha akacheka, maana ungefanyaje, akaenda kuvaa gauni la njano, akasimama upande wa kushoto na kulipungia jicho mkono kwa muda mrefu.

Jumatano mchana, moshi ukiwa umetanda uwanjani, likizo ya jicho la kushoto ikaanza. Koplo alimwona mkewe amependeza kweli kweli. Akatabasamu, akampungia, akatumbukiza kombora lingine mzingani.