Saa Ishirini za Fundi

Mume wangu ni fundi seremala, na kwa ubishi hana mpinzani. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamwonyesha kwa kidole mahali vumbi la mbao lilipojikalia, akamwambia apunguze kazi kwa nusu, la sivyo mwaka hauishi kabla mapafu hayajamwangusha. Yeye akashukuru, akavaa shati, akarudi karakana kupiga msasa. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia hivyo usoni, mezani, mbele ya wageni. Akasema, "Nikitoka mimi, karakana inakufa." Akaendelea kula.

Basi nikampigia simu binti yetu. Tunamwita Mchwa, maana alipokuwa akitambaa alitafuna mguu wa kiti cha mteja mpaka kikarudishwa. Siku hizi anafundisha hesabu chuoni. Nikamwambia, "Mwanangu, babako anakwisha na mimi maneno yameniishia. Njoo na hesabu zako."

Akaja Jumapili mchana. Hakumkemea baba yake kama ninavyofanya mimi. Alimwambia tu, "Baba, tupime. Ikionekana karakana inakuhitaji saa zote unazofanya, mimi na mama tunafunga midomo." Mzee akakubali papo hapo, mtu aliyezeeka na futi mkononi haogopi kipimo. Niliyeogopa ni mimi. Je, ikionekana kweli anahitajika? Ningemwacha afe kwa sababu namba zimeruhusu?

Wakakaa kwenye meza ya jikoni, mimi pembeni namenya viazi, masikio yote kwao. Mchwa anauliza, mzee anajibu. Meza inakula mbao nne, kiti mbili, na kwa wiki tunapata mbao themanini. Msumeno wa umeme tunashirikiana na jirani, vijana wetu hukatia huko kwake, zamu yetu saa thelathini. Meza saa moja, kiti saa moja. Halafu msasa na vanishi, kazi ambayo mzee haruhusu mkono mwingine uiguse: meza saa moja, kiti nusu saa. Faida wakaiweka kwa mafungu, meza matatu, kiti mawili.

"Na wewe mwenyewe una saa ngapi kwa wiki?" Mchwa akauliza.

"Arobaini na nane. Siku sita, saa nane kila siku. Andika."

Akaandika, kisha akachora jedwali lenye mistari mingi kuliko daftari la mahudhurio. Akamweleza baba yake kwamba mbinu hiyo inaitwa simpleksi. Unaanzia kona ya kwanza, yaani mpango ambao hamtengenezi chochote, unatembea kona hadi kona, kila hatua faida inapanda, mpaka ukose pa kupandia. Wakaingiza meza kwanza, kwa sababu ndizo zinazolipa zaidi. Mbao zikaisha kwenye meza ya ishirini, mafungu sitini.

"Nilijua," mzee akasema. "Viti ni kupoteza muda."

"Subiri, baba. Kuna kona nyingine mbele."

Akaingiza viti, meza zikapungua, jedwali likafutwa na kuandikwa upya. Meza kumi, viti ishirini, mafungu sabini, na hapo hapakuwa na pa kupandia tena. Mzee akakagua mwenyewe kwa vidole: mbao arobaini na arobaini, themanini. Msumeno kumi na ishirini, thelathini. Akacheka, akamgonga binti yake begani. Sikuwa nimemwona na raha hiyo kwa muda mrefu, na nilimpenda sana dakika ile, mbishi yule.

"Sasa tunapima unyeti," Mchwa akasema. "Tunagusa kitu kimoja kimoja tuone jibu linashtuka kiasi gani. Mkipata ubao mmoja zaidi, mnaongeza nusu fungu. Saa moja zaidi ya msumeno, fungu zima. Saa moja zaidi ya msasa…"

Akaweka kalamu chini.

"Sema," mzee akasema.

"Sifuri, baba."

Aliinuka taratibu. "Kumbe miaka yote hii mimi ni sifuri," akasema, akatokea mlango wa nyuma kwenda karakana. Nikaweka kisu cha viazi chini. Nikamgeukia Mchwa. "Nimekuita umpumzishe, wewe umekuja kumzika."

"Mama, sifuri haisemi hivyo." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Hakunipa nafasi ya kumaliza." Akachukua karatasi, tukamfuata.

Tulimkuta nyuma ya rundo la mbao, mahali mteja haoni. Alikuwa amekalia mto wa sebuleni, ule uliopotea, ambao miezi yote nilimshuku jirani kuwa ameuchukua. Mchwa akachuchumaa mbele yake.

"Baba, sifuri ni ya saa ya arobaini na tisa. Siyo wewe. Meza zote zile na viti vyote vinahitaji saa zako ishirini tu. Ukishuka kutoka arobaini na nane hadi ishirini, hakipungui hata kiti kimoja. Lakini ukishuka chini ya hapo, kila saa tunayoikosa inaondoka na mafungu mawili. Saa ya msumeno ni fungu moja. Wewe ni mawili."

Mzee akaichukua karatasi.

"Ishirini," akasema. "Ndiyo maana hamkujua."

"Hatukujua nini?" nikauliza.

"Ile arobaini na nane nimesema kwa aibu. Tangu mwaka jana sifikishi. Napiga msasa masaa matatu na kitu, pumzi inakata, nakuja kukaa hapa mpaka jioni. Nikisikia ndala zako, nainuka nashika brashi. Kila wiki nangoja kazi ichelewe, mseme nimekwisha. Haichelewi."

Mficha maradhi kifo humuumbua: nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza. Mwaka mzima mume wangu amejipumzisha ndani ya vumbi lile lile linalomuua, hatua thelathini kutoka kitandani kwake, ili mimi nisimwone ameketi.

"Ulikuwa unanificha mimi?"

"Wewe hasa," akasema. "Ungelia."

Nililia kweli, na sikuona haya mbele ya mtoto. Nikamwambia hizo ishirini ni za karakana, sizigusi. Zilizobaki, ishirini na nane, ni zangu, na azilete nyumbani, kwenye hewa. Nilitegemea abishe. Akaninyooshea mkono nimwinue. Tangu anioe hajawahi kuniomba nimwinue. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kama unavyomvuta mwanamume wa maungo makubwa kama yake, na nusura tuanguke wote wawili, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.