Shamba la Pamoja

Asubuhi kijijini Kibugu majani ya chai huwa yamejaa umande, na anayechuma hujifunga nailoni kiunoni asilowe. Wamuyu alikuwa amejifunga yake, kikapu mgongoni, akichuma kwenye mistari ya juu karibu na msitu, wakati mama yake, Ann, alipomwita. Aliita mara moja tu, bila kupaza sauti. Wamuyu akajua baba yake amekufa.

Baba yake, Runji, alikuwa amelala chali, uji wake umeganda kwenye kikombe. Mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ni jirani, alimshika mkono, akaweka sikio kifuani, akasema pole. Kisha akaenda kukama ng'ombe wake. Ann hakulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamwambia mumewe, "Baba Wamuyu, ukienda kabla ya Muchangi, sisi tunafukuzwa hapa. Unajua."

Runji alifikiri kidogo, akateremsha miguu, akaomba gambuti zake za mpira. Siku hiyo alipogoa chai mpaka jua likazama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shamba lilikuwa na majina ya ndugu wawili, Runji na mdogo wake Muchangi. Wakati wa kupimiwa mashamba, mama yao alimwambia karani, "Waandike pamoja." Alimaanisha wapendane, wale kutoka chungu kimoja, kama mama yeyote angetaka. Karani akaandika pamoja. Lakini kwa sheria, kama wakili wa Embu mjini alivyomweleza Wamuyu, pamoja ni neno lingine kabisa. Mmoja akifa, upande wake hauendi kwa mke wala kwa mtoto. Anayebaki huchukua lote, bila korti, bila kesi ya urithi. Anapeleka cheti cha kifo tu na jina la mwenzake linafutwa. Dawa ni moja, wakili alisema: wote wawili wakiwa hai wakubali kugawa.

Hawangekubali. Yule mama alipokuwa anakata roho aliacha kirumi, yaani lile neno la mwisho la mzazi ambalo hakuna mtu wa huko anayelichezea. Alisema atakayekata shamba lake vipande, naye maisha yake yakatwe. Basi hawakugawa. Walijenga kila mmoja upande wake wa kijito, wakaanza kusubiriana. Muchangi alikuwa na ugonjwa wa sukari, Runji kifua. Kila asubuhi kuna mtu alivuka kijito kujulia hali, na sidhani kuna mahali watu waliulizana afya kwa makini kama hapo. Salesio, mwana wa Muchangi, alisema "Baba mkubwa, umeamkaje?" huku macho yakiwa kwenye kifua cha mzee.

Muchangi alikuwa na Salesio. Runji alikuwa na Wamuyu peke yake, na kwa hivyo watu walisema Runji hakubahatika kupata mtoto. Walisema hivyo Wamuyu akiwamiminia chai.

Baada ya kufa Runji hakubadilika sana. Aliacha kula, na mkono wake ukawa baridi kama jembe lililolala nje. Kilichoweza kumfichua ni pumzi. Alfajiri, kule Kibugu, kila mdomo hutoa mvuke, hata wa mbuzi, lakini wa Runji haukutoa. Ann akamfunga skafu mpaka puani. Hakumruhusu alaze ubavu, akiogopa atasahau kuamka. Mbwa wakibweka alisimama na mwiko mkononi, na Wamuyu akawa anachuma chai akiangalia njia, hata akawa anachanganya majani magumu na laini, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Siku moja Salesio alisalimia kwa muda mrefu, skafu ikateremka. Akaona mdomo hautoi mvuke. Alikuwa ameshaleta mtu wa mjini kutazama upande wa Runji, pahali pazuri pa nyumba za wageni karibu na msitu. Akaenda kumleta naibu wa chifu, Munyi, aje aandike kibali cha kuzika.

Munyi alivua kofia, akaweka sikio. "Mzee, kifua kimenyamaza."

"Kimechoka kukohoa," Runji akasema.

Munyi akafunga kalamu. Alimweleza Salesio kwamba ofisi haina njia ya kumzika mtu anayejibu, na kwamba arudi mzee atakapoacha kujibu. Akanywa chai, akaenda.

Wamuyu akavuka kijito na maziwa, kwenda kuona hao watu wana haraka ya nini. Kulikuwa na baridi. Alimkuta Muchangi mlangoni, blanketi limefika puani. Wamuyu aliketi kwenye jiwe, akangoja, mpaka ikawa aibu kwa mzee kukaa kimya na mgeni. Mzee alipoteremsha blanketi amshukuru kwa maziwa, maneno yalitoka bila mvuke.

"Tangu lini, baba mdogo?"

"Tangu tulipopanda maharagwe," Muchangi akasema. "Usimwambie baba yako. Salesio ameniomba nikae tu."

Maharagwe yalikuwa yameshavunwa na kuliwa. Wamuyu alihesabu kichwani akaona kwamba Muchangi ndiye aliyetangulia kufa, hivyo shamba lote, pande zote za kijito, lilikuwa la baba yake tangu wakati huo. Angeweza kwenda kwa Munyi aseme. Aliwatazama watoto wa Salesio wakioshwa miguu kwenye beseni, wakigombania sabuni. Akasema ni heri wazee waende wagawe.

"Na kirumi?" Muchangi akauliza. "Kirumi kinaua, mtoto wangu."

"Kitamuua nani, baba mdogo? Mmeshakufa wote wawili."

Muchangi alicheka mpaka blanketi likaanguka. Alisema marehemu mama yake angempenda sana huyu, shida ni kwamba hakuzaliwa mvulana. Salesio naye, aliposikia kwamba Wamuyu anajua nani alitangulia, alikubali haraka kuliko mtu yeyote.

Kwenye bodi ya ardhi wazee walikaa benchi moja. Mwenyekiti aliwatazama, akauliza kama wako hai. Karani akajibu kwamba wana vitambulisho. Ikapita. Waliulizwa kama wanakubali kugawa, wakakubali. Karani akawashauri kila mmoja apitishe sehemu yake siku hiyo hiyo kwa anayempa, ili mbele isije ikahitajika korti. Muchangi akasema Salesio.

Wamuyu alikuwa nyuma ya baba yake, amemshika kiwiko, kitambulisho chake kiko tayari kiganjani. Runji alimtazama kwa upendo mwingi.

"Andika Salesio," akasema.

Mwenyekiti akauliza kama hana mtoto.

"Ni huyu. Lakini ni msichana, ataolewa. Salesio atamtunza pamoja na mama yake."

"Baba," Wamuyu akasema, "mimi sijaolewa."

"Utaolewa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetuliza mtoto.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Wazee waliweka vidole gumba, na mwenyekiti akaomba wasaidiwe kutoka maana kuna wengine kwenye foleni. Muchangi alifia kwenye ukumbi, Runji karibu na mfereji, na kuanzia hapo hawakujibu. Munyi aliandika vibali viwili. Walizikwa kwa ibada moja, kila mmoja upande wake.

Wiki iliyofuata chai ilikuwa imeiva. Wamuyu alikuwa kwenye mistari ya juu Salesio alipopanda mpaka alipo, akashika jani moja, akalinusa.

"Dada, usiache," akasema. "Chuma tu mpaka wale wa nyumba za wageni waje kung'oa."

Wamuyu akasema sawa, akahamia mstari mwingine.