Vizibo Vipya vya Malaubère

Shamba la Malaubère lina jina lililochongwa langoni tangu kabla wafalme hawajakatwa vichwa, na hapa kwetu Médoc, nchi ya mvinyo, hakuna aliyeshangaa kwamba Anselme hakuoa wala dada yake Ghislaine hakuolewa. Shamba lilikuwa limewala mzimamzima. Anselme alishika mizabibu na mapipa. Ghislaine alishika wafanyakazi, jiko, kodi na magomvi.

Baba yao, mzee Gratien, aliwaachia hazina moja zaidi ya ardhi hiyo: mvinyo wa mwaka wa sitini na moja, uliolazwa gizani nyuma ya mlango wa chuma. Mwaka ule baridi ya Mei iliyachoma maua, na zabibu chache zilizosalia zikabeba nguvu ya shamba zima. Wavunaji walitania kwamba wameitwa kufanya kazi ya nusu siku. Gratien hakucheka. Alipouonja mvinyo alitoka nje, akakaa juu ya toroli, akawaambia wanawe, "Huu msiuguse mpaka nife." Alikufa, na bado wakaugusa kwa woga, chupa moja moja, kwa mazishi na ubatizo.

Mimi niliunywa siku alipobatizwa Maylis, binti wa ndugu yao mdogo. Sina maneno ya kitaalamu. Nakumbuka tu kwamba mezani watu waliacha kusengenyana.

Baadaye Anselme alianguka ngazini akavunjika nyonga, akalazwa Bordeaux majira yote ya baridi. Paa la ghala la mvinyo lilikuwa limeoza, na Ghislaine akaona nafasi ndiyo hiyo. Aliita mafundi, wakatoa boriti zote zilizoliwa na wadudu, wakatia mpya, zimelowekwa dawa ya kuzuia bungua na kuvu. Anselme aliporudi na fimbo yake alisimama mlangoni akitazama juu.

"Umefanya haya yote peke yako?"

"Angefanya nani? Wewe ulikuwa unalala na kulishwa supu."

"Dada, wewe ungezaliwa mwanamume mimi ningekosa kazi."

"Kwani sasa hivi unayo?"

Walicheka. Majira ya kuchipua yalipofika, Anselme aliuhudumia mvinyo wa baba yake. Vizibo vya zamani vilikuwa vimenyauka, na ndani ya chupa mvinyo ulianza kushuka. Alizifungua zote, akajazia zilizopungua, akazifunga tena kwa vizibo vipya. Vizibo hivyo vilikuwa vimekaa miezi kadhaa ndani ya magunia, chini ya boriti mpya.

Miaka ikapita, na wanunuzi wakaanza kupungua. Walionja mvinyo wa Malaubère, wakausifu kwa adabu, wasirudi. Anselme alilaumu mvua, halafu jua, halafu vijana wa siku hizi. Mwishowe aliamini udongo umechoka, akang'oa mizabibu iliyopandwa na babu yake. Siku ile Ghislaine alijifungia chumbani.

Ndipo Maylis akaacha kazi yake Toulouse, akaja kulirithi shamba. Binti huyo alikuwa na moyo. Jambo la kwanza alilofanya ni kumpatanisha Anselme na jirani yetu Léonce Dubédat, mkulima mwenzake, ambaye hakuwa amekanyaga kwao tangu walipogombania mpaka. Jumapili ya Pasaka wakamwalika. Mwanakondoo alichomwa juu ya vijiti vya mizabibu, na Anselme akaleta mvinyo wa sitini na moja.

Alimimina, akanusa. Akanusa tena.

"Pua yangu ya mzee hii," akasema. "Léonce, hebu onja wewe."

Léonce aliinua glasi ikaishia puani. Akairudisha mezani taratibu.

"Kizibo kibovu, bwana. Hutokea. Fungua nyingine."

Ya pili ikafunguliwa, kisha ya tatu. Harufu ileile: boksi lililolowana, tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo. Maylis alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Ghislaine alikuwa amekwisha kuimaliza glasi yake. "Jamani, mna nini nyie? Mbona mzuri! Ni uleule wa baba."

Maylis alishusha mkono.

"Shangazi," Maylis akasema kwa sauti ya chini, "husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Kuna watu walio hivyo. Harufu hiyo moja tu pua zao haziijui. Ghislaine alikuwa mmoja wao, na hakuwahi kupata sababu ya kujua.

Léonce aliomba kushuka ghalani. Alipofika mlangoni alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Anselme, imo humu. Imejaa humu. Tangu lini kunanuka hivi?"

"Kunanuka nini?" Anselme akauliza. Kisha akajisikia alivyouliza, uso ukamshuka. Aliishi ndani ya harufu hiyo kila siku mpaka pua yake ikaizoea.

Watu wa maabara walikuja, wakakwangua boriti, wakachukua vizibo na mvinyo wa mapipani. Jibu lilikuja kwa simu, naye Maylis akalieleza jikoni akiwa amesimama. Ile dawa ya mbao, ikikutana na unyevu, huzaa harufu ya kuvu. Hupanda hewani, huingia mapipani, huingia kwenye vizibo. Haitoki.

"Boriti nilizitia mimi," Ghislaine akasema.

"Na vizibo nilivitia mimi. Kwa mkono wangu."

"Nitukane, kaka. Afadhali unitukane."

"Nikutukane kwa lipi? Ulitengeneza paa."

Hakumtukana hata siku moja, na hilo ndilo lililommaliza Ghislaine. Angetukanwa, angejibu, kujibu alikujua tangu utotoni.

Maylis alivumilia mpaka kiangazi. Siku alipofunga mizigo alilia uani.

"Siwezi, baba mkubwa. Kubomoa ghala, kuchoma mapipa, na jina lenyewe limeshaharibika. Nianzie wapi?"

"Nenda, mwanangu," Anselme akamwambia. "Wala usigeuke nyuma, utateguka shingo."

Tangu hapo Anselme akawa na kazi moja. Asubuhi, baada ya kahawa, alishuka na kizibuo kufungua chupa za baba yake. Alitafuta moja iliyopona. Ghislaine, juu jikoni, alisikia kizibo kikitoka, halafu kimya, halafu mvinyo ukimwagika mferejini. Sisi tuliopita njiani tuliona mtaro wao umekuwa mwekundu, tukageuza macho.

Chupa zilipokaribia kwisha, Ghislaine alimfuata chini.

"Acha kumwaga, kaka. Mimi kwangu bado ni mzuri."

Anselme alimtazama, kisha akamjazia glasi.

"Basi niambie. Mna nini humo?"

Ghislaine akanywa, akafumba macho. Maisha yake yote maneno ya mvinyo yalikuwa ya kaka yake.

"Mtamu," akasema.

"Mtamu vipi?"

"Umetulia. Una… Sijui, kaka. Mtamu tu."

"Kuna moshi? Kuna tumbaku? Baba alikuwa akisema unanukia tandiko la farasi."

"Labda."

"Usiniambie labda, Ghislaine!"

Sauti ilizunguka ghala zima. Hakuwahi kumpandishia sauti hivyo. Aliomba radhi palepale. Ghislaine angeweza kumdanganya, kumtajia moshi na tumbaku na tandiko, lakini alijua asingeaminiwa. Mvinyo wa baba yao ulikuwa mzima kinywani mwake, na hakuwa na njia ya kumpa nduguye hata tone.

Anselme alichukua chupa nyingine, akazibua, akanusa, akamwaga.

Mwaka huo hakuna aliyevuna Malaubère. Ndege aina ya kwezi walishuka kwa makundi wakala mpaka wakachoka, na zabibu zilizobaki zikakauka vikonyoni. Nikipita jioni nawaona ndugu hao wawili dirishani wakila, wametazamana, na mezani kuna jagi la maji.