Nusu Kidonge cha Karani

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwa daktari wa mifugo, na foleni nzima ni vidonge.

Nilimleta Karani, paka wa marehemu mume wangu. Moyo wake umevimba, figo zimechoka. Kila asubuhi namfichia nusu kidonge cha kutoa maji mwilini ndani ya dagaa, naye anazidi kuhema tu. Leo saa nne Daktari Kimweri alipanga kumwongezea dawa mara mbili.

Kwenye benchi Moyo wa Karani amekaa kushoto, Figo yake kulia. Wamenuniana.

"Toa maji," Moyo anasema. "Nazama."

"Rudisha maji," Figo anasema. "Nakauka."

Daktari anaingia. Ameandika nusu, basi amekuja nusu: mguu mmoja, sikio moja, kipande cha tai.

"Mama Karani, dawa haifanyi kazi. Tunaongeza mara mbili."

"Basi mimi ndiyo kwaheri," Figo anasema, na kuanza kulia. Nami nikaogopa kweli.

Nusu kidonge mmoja anasimama kwenye foleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Dawa hatujafanya kazi kwa sababu hatujafika."

"Hamjafika wapi?"

"Tumboni."

"We! Na dagaa nawajaza kwa mkono wangu!"

"Dagaa wanaliwa, mama. Sisi tunatemwa."

Natazama chini. Benchi sasa ni kiatu cheusi cha marehemu, kile cha kushoto, pale mlangoni ambapo Karani hula chakula chake. Sote tumo ndani. Karani yuko juu, anatuhesabu.

"Anatuweka akiba," nusu kidonge ananinong'oneza. "Anasema ni za baba. Mgonjwa wa moyo hapa nyumbani ni baba."

Nililia palepale kiatuni, bila haya.

Nikaamka kumekucha. Viatu vile sijavigusa tangu msiba, mwezi wa nne huu. Nikaingiza mkono kwenye cha kushoto. Nusu tisa za vidonge, zinanuka dagaa.

Nikampigia daktari asiongeze kitu. Kisha nikampakata Karani, anahema, macho yote kwenye kiatu.

"Baba keshakunywa zake," nikamwambia. "Hii ni yako. Haya, fungua mdomo."

Akafungua.