Shahidi wa Tatu Anaulizwa Tena

Mwongozaji wa filamu alishinda na wasiwasi siku ile, na haki yake. Kesho filamu yake ingeonyeshwa ukumbini, na leo aliyeketi mbele ya kompyuta ya kuhariria, mkoba mapajani, alikuwa shangazi yake, shahidi wa tatu katika kesi ambayo filamu iliiigiza.

Kesi ilihusu ghala la kiwanda lililoteketea wakati wa mgomo. Fundi mitambo wa pale alifungwa, akafia gerezani. Mwongozaji alipata nakala ya mwenendo wa kesi kutoka mahakamani, akaapa hataongeza hata nukta. Waigizaji wangesema yaliyoandikwa, basi. Alijisifia hilo mpaka akachosha watu.

Kwenye kioo, mwigizaji aliyemwigiza shangazi alisimama kizimbani, kidevu juu: "Namfahamu mshtakiwa. Nilimwona na kibiriti. Nilimwona akiingia ghalani. Alikuwa na hasira na kiwanda."

Shangazi akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Huyu mama mbona ana kiherehere hivi?"

"Ni maneno yako, shangazi. Sijatia langu hata moja."

"Ni yangu, sikatai. Na mwendesha mashtaka aliyekuwa akiniuliza mmemficha wapi?"

Mwongozaji akapekua kurasa upesi upesi. Masikini, sasa ndipo alipoona. Hakimu wa siku zile aliandika kwa mkono, tena majibu tu. Maswali aliyaacha yapite. Kila sentensi pale ilikuwa jibu la mtu aliyebanwa, na yeye alikuwa amezishona zote zikawa hotuba. Binti wa fundi alikuwa amealikwa, na kesho angemwona shangazi akimfunga baba yake kwa hiari, tena kwa mbwembwe.

"Nisamehe, shangazi. Nitakirekodi upya kipande hiki. Wewe niambie tu alikuuliza nini."

"Niulize wewe. Ukiuliza nitakumbuka."

Akawasha kinasa sauti.

"Ulimwona mshtakiwa na kibiriti?"

"Ndiyo. Alikuwa mvuta sigara, kila siku alikuwa nacho."

"Ulimwona akiingia ghalani?"

"Ndiyo. Nilikuwa nauza chai langoni. Mitambo ilikuwa mle ndani, angeitengenezea wapi?"

"Mbona hayo ya sigara na mitambo hayamo humu?"

"Nikishasema ndiyo, alikuwa ananikata, anaruka swali lingine."

Mwongozaji akashusha pumzi. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa jepesi! Akauliza la mwisho kwa kukamilisha tu. "Na siku ya moto, ulimwona akiingia?"

Shangazi akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hilo hakuniuliza," akasema.

"Nakuuliza mimi, shangazi."

"Siku ya moto hakufika kabisa. Nilikuwa langoni kutwa nzima."

"Ukanyamaza?"

"Nilingoja aniulize, mwanangu. Fundi hakuwa na wakili, na mimi nilikuwa na woga. Nikangoja, nikangoja, nikasikia naambiwa shuka."

Kinasa sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, na mwongozaji hakuthubutu kukizima.

"Yule binti wa fundi," shangazi akauliza, "kesho atakaa wapi?"

"Mstari wa mbele."

"Niweke karibu naye. Nitamwambia kabla taa hazijazimwa."